Mtoto yuko kwenye dawa za H. pylori na tumbo linaendesha: je, probiotiki zitamfaa?

SWALI

Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Langoni, Lamu. Kijana wangu mkubwa ana miaka tisa na kilo 22. Tangu Ramadhani iliyopita analalamika maumivu juu ya kitovu, mara nyingine humwamsha usiku, na ameshatapika mara kadhaa. Alipimwa choo akaonekana ana bakteria wa H. pylori. Daktari amemwandikia omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini kwa siku kumi na nne. Leo ni siku ya nne. Tumbo linamwendesha mara nne, mara tano kwa siku, analia kwamba mdomo ni mchungu, na kila dawa ni vita. Mwenye duka la dawa ameniambia ninunue vidonge vya probiotiki, bei yake yapita shilingi elfu mbili, na asema vinamuua huyo bakteria bila madhara yoyote. Mavyaa wangu naye ataka niache dawa zote nimpe mtindi na habbasoda. Nimpe probiotiki pamoja na dawa, au badala ya dawa? Mtindi wa nyumbani si ni kitu kilekile? Na nina kichanga wa miezi mitatu aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Naye nimpe probiotiki zimkinge asiambukizwe? — Mama Athumani

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Athumani. Nikujibu kwa ufupi kwanza, maana siku ya nne hairudi: dawa usizikatize. Probiotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa ili kulisaidia tumbo, ukipata ya aina inayofaa unaweza kumpa kaka mkubwa pamoja na dawa, kamwe si badala yake, na usipoweza kuinunua hujamkosesha tiba. Kichanga usimpe. Sasa tuingie kwenye maelezo, na tuanze na huko kuharisha, kwa sababu ndiko kunakomtesha leo.

Mtazame mtoto kabla ya kutazama choo. Je, anakojoa kama kawaida? Akilia, machozi yatoka? Anacheza, au amelala tu macho yamezama? Mtoto wa miaka tisa anayeharisha maji mara nne kwa siku huku anakunywa na anakojoa vizuri, huyo anapata madhara ya kawaida ya antibiotiki. Dawa hizi hazichagui: zinampiga bakteria aliyekusudiwa na zinawapiga pia wale waliokuwa wakiishi utumboni kwa amani, kwa hiyo choo hulegea. Klarithromaisini ina jambo jingine tena, kwamba huusukuma utumbo wenyewe ukimbie. Mpe maji ya ORS, pakiti iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake bila kupunguza wala kuongeza, na maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa. Kila anapotoka chooni anywe nusu kikombe hadi kikombe kimoja, kwa mafunda madogo. Najua mtamkatia dafu. Mpeni, analipenda na halimdhuru, ila dafu lina potasiamu nyingi na chumvi haba, kwa hiyo haliwezi kusimama mahali pa ORS. Dawa za kufunga tumbo, zile wanazonunua watu wazima kabla ya safari ya basi, usimpe kabisa.

Yapo mambo yanayobadilisha jibu langu. Ukiona damu kwenye choo, homa, tumbo kuvimba na kukaza, kutapika kila anachomeza, au vipele vya kuwasha pamoja na midomo au macho kufura, hapo usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Vipele na kufura huenda ni mzio wa amoksisilini. Choo cha damu kinahitaji kupimwa, na hakuna probiotiki itakayokimaliza nyumbani.

Tukija kwa bakteria mwenyewe. Jina lake kamili ni Helicobacter pylori. Ni kijidudu kilichojisokota kama skrubu, na hukaa ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Asidi ya tumboni ingepaswa kumuua, lakini yeye hutengeneza kimeng'enya kiitwacho yurezi kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo huizima asidi iliyomzunguka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini hakuna bakteria anayeweza kuishi pale. Barry Marshall na Robin Warren, wa mji wa Perth huko Australia, walisema yupo. Walipokosa kusikilizwa, mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Nakutajia haya kwa sababu hapo Langoni bado wapo watakaokwambia vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo tu.

Kule alikojificha ndiko kunakoifanya tiba yake kuwa nzito. Antibiotiki moja haimwezi. Inabidi ziwe mbili kwa wakati mmoja, na juu yake omeprazoli ya kupunguza asidi, kwa kuwa asidi ikipungua antibiotiki hufanya kazi vizuri zaidi na bakteria naye huwa katika hali ya kukua, ambapo ni rahisi kumpiga. Kwa watoto muda ni siku 14. Ukikatiza siku ya nne kwa sababu ya kuharisha, utakuwa umewaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wale wagumu, na klarithromaisini ndiyo dawa ambayo bakteria huyu hujifunza kuikataa upesi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini katika orodha yake ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa dharura. Akishakuwa sugu tumboni mwa mwanao, chupa hiyohiyo mkiinunua tena itakuwa fedha iliyotupwa.

Kwa hiyo yule mwenye duka aliyekwambia vidonge vya probiotiki vinamuua bakteria huyu bila madhara amevuka mpaka. Kwenye maabara, baadhi ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus huonekana kumsumbua H. pylori, wakimzuia kujishikiza na kutoa asidi asizozipenda. Tumboni mwa mtu mambo ni mengine. Kuna tafiti ambazo ziliwapa watu probiotiki peke yake, na wengi mno walibaki na bakteria wao vilevile. Hakuna mwongozo wa tiba unaowaruhusu madaktari wa watoto kutibu kwa probiotiki peke yake.

Pamoja na dawa, je? Hapa ndipo kuna jambo la kuzungumza, na maswali yenyewe ni mawili, ingawa matangazo huyachanganya kuwa moja. La kwanza: je, probiotiki huongeza uwezekano wa bakteria kuisha? La pili: je, hupunguza kuharisha na kichefuchefu vinavyoletwa na dawa?

Kwa la kwanza, probiotiki iliyochunguzwa sana ni Saccharomyces boulardii. Huyu si bakteria, ni jamii ya hamira, ndugu wa karibu wa hamira unayoumulia mahamri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya majaribio 11 yenye washiriki 2,200, na kati yao watoto walikuwa 330 tu. Waliopewa hamira hiyo juu ya dawa, bakteria aliisha kwa watu 80 katika kila 100. Wasiopewa, 71 katika kila 100. Tofauti ipo, lakini ndogo. Na tazama hiyo 80 yenyewe: lengo la tiba kwa watoto ni angalau 90 katika kila 100. Yaani hata kwa msaada wa probiotiki, tiba hizo hazikufika zilikotakiwa. Dawa inayolingana na bakteria, dozi kamili na siku zote 14 ndivyo vinavyotufikisha pale. Kidonge cha hamira hakiwezi kuziba pengo lililoachwa na dozi pungufu.

Kwa la pili, ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 2019 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba duniani, lilitoa uchambuzi wa majaribio 33 yenye watoto 6,352 waliokuwa wakitumia antibiotiki za kila namna, si za H. pylori pekee. Walioharisha miongoni mwa waliopewa probiotiki walikuwa 8 katika kila 100. Miongoni mwa wasiopewa, 19. Ukihesabu, ni lazima uwape probiotiki watoto tisa ili umwepushe mmoja na kuharisha. Kwangu mimi hayo ni matokeo mazuri kwa kitu chenye madhara machache. Lakini angalia neno kuepusha. Watoto hao walianza probiotiki mapema, karibu na dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mwanao yuko siku ya nne na ameshaanza kuharisha, kwa hiyo usitarajie faida yote ile. Huenda ikamtuliza kidogo siku kumi zilizobaki, na huenda isilete tofauti utakayoiona. Ungeniuliza siku mliyoandikiwa dawa ningekuhimiza zaidi.

Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa madaktari bingwa wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2017, haukupendekeza kila mtoto anayetibiwa H. pylori aongezewe probiotiki. Haukuzikataza pia. Wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia probiotiki kwa watoto wanasema daktari akitaka kumkinga mtoto na kuharisha kunakoletwa na antibiotiki, achague moja kati ya mbili: Lactobacillus rhamnosus GG, au huyo Saccharomyces boulardii, kwa kiwango cha kuanzia vijidudu hai bilioni 5 kwa siku, na aanze pamoja na antibiotiki. Nami nafuata njia hiyohiyo.

Hapo ndipo pa kumrudia mwenye duka. Mwombe akuonyeshe boksi, usome mwenyewe. Neno probiotiki peke yake halikuambii kitu, kama vile mtu akikwambia amenunua samaki hujui bado ni changu au ni papa. Tafuta jina kamili la kijidudu, pamoja na zile herufi za mwisho. Lactobacillus rhamnosus bila GG si lazima awe ndiye aliyechunguzwa. Tafuta idadi kwa siku. Tafuta tarehe ya kuisha, kisha masharti ya kuhifadhi. Boksi lililojaa majina manane ya bakteria kwa idadi ndogondogo halinishawishi, hata likiwa na picha ya mtoto anayecheka. Ikiwa katika boksi hilo la zaidi ya elfu mbili hamna hata mmoja wa hao wawili, mwachie mwenyewe.

Kwa Lamu mimi huelekea zaidi kwa hamira, kwa sababu mbili. Moja ni joto. Bakteria hai wengi wa probiotiki hufa wakikaa kwenye joto, na boksi lililotoka Mombasa ndani ya basi, likavuka kutoka Mokowe juani, kisha likawekwa rafu ya juu ya duka wakati wa kaskazi, sijui ndani yake wamebaki wangapi. S. boulardii iliyokaushwa hustahimili joto la kawaida vizuri zaidi, na haidai friji ambayo umeme ukikatika inakuwa kabati tu. Sababu ya pili ni kwamba antibiotiki haziui hamira. Ukimpa Lactobacillus pamoja na amoksisilini kwa mkupuo mmoja, wengi watauawa njiani, ndiyo maana tunasema ziachane kwa saa mbili hivi. Hamira haina shida hiyo. Adui wake ni dawa za fangasi: mtoto akipata utando mweupe mdomoni akaandikiwa nistatini au flukonazoli, probiotiki ya hamira haitafanya kazi tena.

Kidonge chake kinaweza kufunguliwa, unga wake ukachanganywa na kitu cha baridi au vuguvugu. Usiutie kwenye chai wala uji wa moto, utaiua hiyo hamira. Mpe mpaka dozi ya antibiotiki iishe, basi. Hakuna haja ya kuendelea miezi.

Yapo makundi ambayo siwapi kabisa: mtoto mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano aliye kwenye matibabu ya saratani, aliyelazwa mahututi, au mwenye mrija uliopita kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kwao vijidudu hivi, vya hamira na vya bakteria vilevile, vimewahi kuingia kwenye damu na kuleta maradhi makubwa. Kwa ulivyomweleza kijana wako, si mmoja wao.

Na mtindi wa mavyaa? Usimvunje moyo mzee, kwa sababu hajakosea yote. Mtindi ni chakula kizuri kwa mtoto anayeharisha. Sukari ya maziwa imeshaliwa kwa sehemu na bakteria wanaougandisha, kwa hiyo tumbo lililochoka huupokea vizuri kuliko maziwa matupu. Una protini, unashuka kwa urahisi, na watoto wengi waliokataa chakula huukubali. Wala haugombani na dawa alizoandikiwa. Zile zinazokatazwa kunywewa na maziwa ni kama tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo yeye hatumii. Lakini bakteria wa mtindi wa nyumbani hatujui ni akina nani wala ni wangapi, na wanabadilika kila unapogandisha mpya. Hao siwezi kuwahesabu kuwa wale waliochunguzwa. Mpe kama chakula, usimhesabie kama dawa.

Sharti langu moja tu kuhusu mtindi, na hili silegezi: maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mbegu ya kugandishia. Maziwa mabichi yanayoletwa kutoka bara, hata yakiganda na kuwa makali, yanaweza kubeba bakteria wa brusela, na uchachu hautoshi kuwamaliza. Nisingependa mtoto aliyeingia kwa tumbo atoke na homa ya wiki sita na maumivu ya viungo.

Habbasoda nayo ina heshima yake katika nyumba zetu, na wapo watafiti walioijaribu kwa watu wazima wenye H. pylori. Majaribio hayo ni machache na madogo, na kwa mtoto wa kilo 22 hakuna kiwango ninachoweza kukuandikia kwa uaminifu. Punje chache juu ya mkate hazina neno. Vijiko vya mafuta yake juu ya tumbo linalowaka na dawa tatu, naomba muache mpaka amalize.

Sasa vita vya kumeza, maana naona hivyo ndivyo vitakavyoamua kama tiba hii itafaulu kuliko jambo lolote lililo kwenye boksi la probiotiki. Uchungu anaoulalamikia unaletwa na klarithromaisini, na haumaanishi dawa imeharibika. Dawa ya maji ya klarithromaisini ina punje ndogo zilizofunikwa; akizitafuna uchungu unazidi, kwa hiyo ameze bila kutafuna, kisha ashushie na kitu kitamu, tende moja au juisi ya embe. Omeprazoli ndiyo inayotolewa vibaya mara nyingi. Inatakiwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hivi kabla ya kula, asubuhi na jioni. Ikitolewa baada ya chakula nguvu yake hupungua, na ikipungua antibiotiki nazo hudhoofika. Vile vidonge vyenye punje ndani vinaweza kufunguliwa lakini punje zisisagwe.

Ningepanga hivi, kwa mtoto anayekwenda skuli na chuoni: akiamka, baada ya alfajiri, omeprazoli, nusu saa baadaye staftahi, na baada yake antibiotiki zote mbili. Akirudi skuli mchana, probiotiki kwenye bakuli la mtindi baridi, na kazi hiyo mkabidhi mavyaa wako, awe ndiye anayemlisha. Jioni omeprazoli kabla ya magharibi, chakula, kisha antibiotiki. Kwa mpango huo hata ukinunua Lactobacillus GG badala ya hamira, saa mbili za kuachana zimepatikana bila kusumbuka. Siku hizi kumi mwepushe na achari, viazi karai vya mafuta mengi na embe mbichi la pilipili pale nje ya skuli. Si kwamba vinaleta bakteria, ila vitamwongezea maumivu na atasingizia dawa. Akitapika dozi kabla ya nusu saa, mpigie aliyewaandikia uulize kama irudiwe.

Uliza pia kama dozi imehesabiwa kwa kilo zake. Mwongozo nilioutaja unaweka, kwa mtoto wa kilo 15 hadi 24, omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku na klarithromaisini miligramu 250 mara mbili. Mara nyingi naona karatasi iliyoandikwa omeprazoli mara moja tu kwa siku, kwa huruma ya kumpunguzia mtoto dawa. Ukiona tofauti na karatasi yako usibadilishe mwenyewe. Mrudie daktari wenu, yeye ndiye aliyemshika tumbo, mimi nasoma barua tu.

Fedha zikiwa chache, mpangilio wangu ni huu: kwanza dawa zote tatu kwa siku zote 14, usije ukakatiwa nusu dozi dukani kwa sababu hela imekwenda kwenye probiotiki. Pili, weka akiba ya kipimo cha kuhakikisha baadaye. Probiotiki inakuja ya tatu. Nimeona wazazi wakitoka dukani na boksi zuri la bakteria wazuri na antibiotiki za siku saba.

Kuhusu kichanga jibu ni hapana, na sina la kuzunguka. Aliyezaliwa kabla ya wakati ukuta wa utumbo wake na kinga yake vilianza nyuma, na vijidudu hai vinaweza kupenya kuingia kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya kuwapa probiotiki watoto njiti hospitalini, baada ya kifo cha mtoto aliyepewa. Huko zilitolewa chini ya macho ya madaktari. Nyumbani ndiyo usijaribu. Wala hazimkingi na H. pylori. Asimpe mtu mtindi, habbasoda wala asali. Maziwa yako tu mpaka atimize miezi sita. Kinachomkinga ni mikono iliyooshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumshika, na akianza kula, mtu asimtafunie chakula kisha akamtia mdomoni, hata bibi yake. Bakteria huyu kwa kawaida huingia utotoni, ndani ya nyumba, kutoka mdomo hadi mdomo au kwa uchafu wa choo uliofika kwenye maji na chakula. Katika mitaa ya mji wa kale ambako kisima na shimo la choo hutenganishwa na ukuta mmoja, maji ya kunywa yachemshwe, ya kisima na ya bomba pia.

Mtoto wako wa kati, kama hana dalili, usimpeleke kupimwa. Jirani wakikwambia kuna kipimo cha damu cha kuchoma kidole kinachotoa jibu papo hapo, wajibu kwamba kwa watoto hakifai: kinaonyesha kingamwili, na kingamwili hubaki hata baada ya bakteria kuondoka. Karibu nusu ya watu duniani wanaishi na bakteria huyu na wengi wao hawaugui kamwe. Mwongozo wa watoto hauruhusu hata kumsaka kwa kila mtoto anayeumwa tumbo. Unataka kwanza mtoto apitishwe kamera tumboni na vipande vidogo vichukuliwe, ili ijulikane ni nini hasa kinachomuumiza na ni dawa ipi bakteria wake anaisikia. Najua kwenu hilo lina maana ya boti, basi na siku za Mombasa, na naelewa kwa nini daktari wenu alianza na kipimo cha choo. Kwa mtoto anayeamshwa na maumivu usiku na kutapika si uamuzi wa ajabu. Lakini ujue kuna uwezekano bakteria akaisha na maumivu yakabaki, kwa sababu hayakuwa yake. Likitokea hilo, kamera itabidi. Itabidi mapema zaidi akitapika damu, akitoa choo cheusi kama lami, akipungua kilo au akionekana ana upungufu wa damu usiopona kwa dawa za madini ya chuma.

Akimaliza siku 14, mngoje angalau wiki nne bila antibiotiki yoyote, na wiki mbili za mwisho bila omeprazoli, ndipo arudi kupimwa choo. Mkienda mapema mtapata jibu la kuwa amepona kumbe bakteria wamelala tu. Mwambie mtu wa maabara mnataka antijeni ya H. pylori kwenye choo. Kipimo cha pumzi nacho ni kizuri kikipatikana. Kikirudi na bakteria bado yupo, msirudie dawa zilezile na asiongezewe klarithromaisini kwa jina jingine. Chukueni karatasi zote, pamoja na ile ya siku alizokosa dozi, mwende nazo kwa daktari bingwa wa watoto, na safari hiyo ya Mombasa msiiahirishe.